Askofu Lightfoot, Mfafanuzi wa Nyaraka



Katika Kwaresima iliyopita kikundi chetu cha kujifunza Biblia kilianza kusoma Waraka wa Mtakatifu Paulo kwa Wafilipi. Hata mstari wa kwanza hatukuumaliza kwa amani. Mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama alisimama akauliza jambo ambalo sisi, pamoja na miaka yetu yote ya ualimu, hatukuwa tumelifikiria. Alisema kwamba Paulo anawasalimu watakatifu wa Filipi pamoja na maaskofu na mashemasi. Filipi ni mji mmoja. Iweje mji mmoja uwe na maaskofu wengi, na hali dayosisi yetu nzima ina askofu mmoja tu?

Kabla hatujapata la kumjibu, kijana mmoja aliyekuwa likizoni kutoka chuoni akaongeza la kwake. Alisema amesikia kwa wenzake kwamba Injili na nyaraka hazikuandikwa na Mitume wala na watu waliowajua, bali zilitungwa miaka mingi baadaye. Aliuliza kwa adabu, lakini tuliona usoni mwake kwamba swali lile lilikuwa limemkosesha raha. Watu wakatugeukia sisi, kwa kuwa mwalimu huhesabiwa kuwa na majibu. Tukakiri kwamba hatuna jibu jioni ile, tukaomba wiki moja.

Nyumbani tuna kitabu cha ufafanuzi wa Waraka kwa Wafilipi, cha Kiingereza na Kiyunani, chenye jalada lililochakaa, tulichoachiwa na padre mmoja mzee. Mwandishi wake ni Joseph Barber Lightfoot, aliyekuwa Askofu wa Durham huko Uingereza. Tulikaa nacho wiki nzima, na wiki iliyofuata tukapata la kusema. Baadhi yenu mkatuuliza huyo Lightfoot ni nani. Basi, tumeona yafaa tuwasimulie habari za maisha yake, maana maswali yale mawili ya kikundi chetu ndiyo aliyoyashughulikia karibu maisha yake yote.

Utoto na masomo

Lightfoot alizaliwa katika mji wa bandari wa Liverpool tarehe 13 Aprili, 1828. Baba yake alikuwa mhasibu. Mama yake alitoka katika jamaa ya wachoraji wa picha wa Birmingham, na jina la ukoo wa mama, Barber, ndilo alilopewa mtoto kuwa jina la katikati. Alikuwa mtoto dhaifu wa mwili, hata ikabidi kwa muda mrefu afundishwe nyumbani. Baba alifariki mwanawe angali kijana mdogo, na mama akahamia Birmingham karibu na ndugu zake.

Hapo Birmingham Lightfoot aliingia Shule ya Mfalme Edward mwaka 1844. Mwalimu mkuu alikuwa James Prince Lee, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa kwanza wa Manchester. Mwalimu huyu aliwafundisha wanafunzi kusoma Agano Jipya katika Kiyunani, na kutoliruka neno hata moja kabla hawajajua kazi yake katika sentensi. Sisi tuliofundisha tunajua kwamba mwalimu hawezi kupima matunda yake siku ile ile. Katika shule ile moja, chini ya mwalimu yule mmoja, walisoma Lightfoot, na Brooke Foss Westcott aliyemtangulia, na Edward White Benson aliyekuwa rafiki yake. Benson ndiye aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury tangu mwaka 1883, na ndiye aliyemweka wakfu James Hannington mwaka 1884 kuja kuwa askofu katika Afrika ya Mashariki. Hivyo shule ile ya Birmingham si ngeni kabisa katika historia ya Kanisa letu.

Mwaka 1847 Lightfoot alikwenda Chuo cha Trinity katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Westcott, ambaye alikuwa ametangulia kufika, akamchukua kuwa mwanafunzi wake. Mwaka 1851 Lightfoot alishika nafasi ya kwanza katika mtihani wa lugha za kale, na mwaka uliofuata akachaguliwa kuwa mmoja wa walimu wa chuo. Alifanywa shemasi mwaka 1854 na kasisi mwaka 1858. Hakuoa. Alikuwa mtu wa haya, asiyependa kujitokeza, na maneno ya kujisifu hayakuwa kawaida yake. Pamoja na Kiyunani, Kilatini na Kiebrania, alijifunza Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kihispania, na baadaye Kisiria, Kikopti na Kiarmenia. Hakujifunza lugha hizo ili ahesabiwe kuwa mwenye elimu. Alizihitaji kwa kazi, kama fundi anavyohitaji msumeno na randa.

Jambo lililomshughulisha

Ili tuelewe kazi yake, hatuna budi kutazama hali ya siku zile. Katika mji wa Tübingen, Ujerumani, alikuwapo profesa maarufu aitwaye Ferdinand Christian Baur, aliyefariki mwaka 1860. Baur alifundisha kwamba Kanisa la kwanza liligawanyika sehemu mbili zilizopingana, upande wa Petro na upande wa Paulo, na kwamba vitabu vingi vya Agano Jipya viliandikwa baadaye, katika karne ya pili, ili kuzipatanisha pande hizo. Katika nyaraka za Paulo alizikubali nne tu kuwa za Paulo kweli: Warumi, Wakorintho mbili, na Wagalatia. Injili ya Yohana aliiweka karibu na mwaka 170.

Watu wengi wa Kanisa waliposikia hayo walikasirika. Wengine waliwakataza vijana wasisome vitabu vya Wajerumani. Wengine walihubiri kwa ukali. Lightfoot hakufanya hivyo. Alivisoma vitabu hivyo katika lugha yake, akaona kwamba Baur alikuwa ameuliza swali la haki: vitabu hivi vimeandikwa lini, na nani anavishuhudia? Swali la tarehe hujibiwa kwa ushahidi wa tarehe. Hasira haiwezi kulijibu, wala woga.

Hivyo karibu mwaka 1860 yeye, Westcott na rafiki yao Fenton Hort walikubaliana kugawana Agano Jipya na kuandika ufafanuzi wa vitabu vyote. Lightfoot alipewa nyaraka za Paulo. Mpango ule haukutimia wote, maana kazi ilikuwa kubwa kuliko maisha ya watu watatu. Lakini Lightfoot, aliyefanywa profesa mwaka 1861, alitoa ufafanuzi wa Wagalatia mwaka 1865, wa Wafilipi mwaka 1868, na wa Wakolosai na Filemoni mwaka 1875. Wanafunzi waliokuja kusikiliza mafundisho yake walikuwa wengi hata ikabidi wakusanyike katika ukumbi mkubwa wa chuo.

Namna alivyofafanua

Tumwambie msomaji jinsi vitabu hivyo vilivyopangwa, maana mpango wenyewe ni somo. Kwanza Lightfoot anaeleza mji ulioandikiwa waraka: uko wapi, watu wake ni nani, Paulo alifikaje, na kwa nini aliandika. Pili anaweka maneno ya Kiyunani yenyewe, baada ya kulinganisha nakala za kale zilizoandikwa kwa mkono na kuamua ipi iliyo sahihi. Tatu, chini ya ukurasa, anafafanua neno baada ya neno. Palipo pagumu, anautoa mstari tena kwa maneno mepesi ili msomaji asipoteze njia. Mwisho wa kitabu anaweka makala ndefu juu ya mambo makubwa, kwa mfano ndugu za Bwana walikuwa nani, na Paulo alihusianaje na Petro, Yakobo na Yohana. Katika makala hiyo ya pili alimjibu Baur. Alionyesha kwamba Mitume walitofautiana kweli mahali fulani, kama Wagalatia inavyosema wazi, lakini hawakuwa na Injili mbili.

Huyu mtu mwenye lugha nyingi hakujaza ukurasa kwa maneno makubwa. Akiwa na uhakika, husema. Akiwa na shaka, husema ana shaka. Na mwaka 1863, akiwafundisha wanafunzi wake, aliwaambia kwamba kama zingepatikana barua ambazo watu wa kawaida wa zamani waliandikiana bila kufikiria uzuri wa maandishi, zingekuwa msaada mkubwa sana wa kuelewa lugha ya Agano Jipya. Yeye hakuishi kuona kiasi kikubwa cha barua hizo. Lakini kuanzia mwisho wa karne ya 19 zilifukuliwa kwa maelfu katika mchanga wa Misri: barua za askari, za wafanya biashara, za watoto kwa wazazi. Nazo zikaonyesha kwamba Agano Jipya liliandikwa katika lugha ya sokoni na nyumbani.

Kwa sisi wa pwani na bara la Afrika ya Mashariki, ufafanuzi wa Waraka kwa Filemoni una neno la pekee. Waraka ule mfupi unamhusu Onesimo, mtumwa aliyetoroka. Lightfoot alieleza jinsi utumwa ulivyokuwa katika dola ya Kirumi, na jinsi Paulo asivyotoa amri ya kuufuta, lakini akamtaka Filemoni ampokee mtumwa wake kama ndugu. Alionyesha kwamba neno ndugu likishaingia nyumbani, utumwa umeng'olewa mzizi, hata kama shina linachelewa kuanguka. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1875. Miaka miwili tu kabla yake, mwaka 1873, soko la watumwa la Unguja lilifungwa, na katika mwaka huo huo likaanza kujengwa kanisa kuu la Kristo mahali pale pale. Profesa wa Cambridge aliandika kwa kalamu, na wajenzi wa Unguja walijenga kwa mawe ya matumbawe, lakini somo lilikuwa moja.

Swali la maaskofu wa Filipi

Turudi kwa swali la mama yetu. Katika kitabu cha Wafilipi Lightfoot alilichukua neno askofu na kulifuata katika Agano Jipya lote. Aliona kwamba katika Matendo ya Mitume mlango wa 20, Paulo anawaita wazee wa kanisa la Efeso, kisha watu wale wale anawapa jina la waangalizi, ambalo katika Kiyunani ni neno lile lile la maaskofu. Tena katika Waraka kwa Tito mlango wa kwanza, Paulo anaanza kwa kutaja wazee na kuendelea kwa kutaja askofu, naye anasema habari za watu hao hao. Basi, wakati Paulo alipoandika, mzee na askofu yalikuwa majina mawili ya kazi moja, na mji mmoja uliweza kuwa na wengi. Baadaye, Mitume walipokuwa wakiondoka duniani, mmoja kati ya wazee aliwekwa kuwa mkuu wao, na jina la askofu likabaki kwake peke yake.

Makala hiyo ilileta mtafaruku. Wakristo wa makanisa yasiyo na maaskofu walifurahi, wakasema profesa wa Kianglikana amekubaliana nao. Waanglikana wengine walinung'unika kwamba ameibomoa nyumba yake mwenyewe. Lightfoot hakuibadili hoja yake ili kuwapendeza hawa au wale. Aliwaomba tu wasome mpaka mwisho, maana sehemu ya pili ya makala ilionyesha kwamba uaskofu ulikuwapo katika Asia mapema sana, tangu siku za mwisho za Mitume, na kwamba mapokeo ya Kanisa yanauhusisha na Mtume Yohana. Aliyemwona amebomoa alikuwa amesoma nusu ya kitabu.

Mashahidi wa zamani

Sasa swali la kijana wetu. Mwaka 1874 kilitoka London kitabu kisicho na jina la mwandishi, kilichodai kwamba hakuna ushahidi wa Injili zetu katika miaka mingi ya mwanzo ya Kanisa. Kitabu hicho kilisomwa sana. Baadaye ilijulikana kwamba mwandishi alikuwa Walter Richard Cassels, mfanya biashara aliyewahi kukaa India. Kurasa zake zilijaa majina ya wataalamu, hata msomaji wa kawaida alidhani elimu yote ya Ulaya iko upande wake. Tena alimshutumu Westcott kuwa si mwaminifu katika maandishi yake.

Lightfoot alikuwa mpole, lakini rafiki yake aliposhutumiwa hakunyamaza. Kati ya mwaka 1874 na 1877 aliandika makala kadhaa za kujibu. Alifanya jambo ambalo wasomaji wengi hawakulifanya: alivifungua vitabu vilivyotajwa, kimoja kimoja. Akaona kwamba wengi wa wataalamu waliotajwa kuunga mkono hoja hawakusema hivyo hata kidogo, na wengine walisema kinyume chake. Tangu siku hiyo kila mwanafunzi wa Biblia amepata onyo: wingi wa majina chini ya ukurasa si ushahidi.

Hoja nyingine ya kitabu kile ilihusu Eusebio, mwandishi wa historia ya Kanisa wa karne ya nne. Ilisemwa kwamba Eusebio, anapoeleza waandishi wa kale, hasemi kwamba mwandishi fulani aliitumia Injili ya Yohana, kwa hiyo mwandishi yule hakuijua. Lightfoot alijibu kwa kutazama kwanza Eusebio alikusudia kufanya nini. Ni kama mwalimu wa zamu anayeandika daftarini majina ya watoto wasiofika shuleni. Mtu asiyejua desturi yake akilichukua daftari atasema kwamba watoto wasioandikwa hawakuwapo. Kumbe wasioandikwa ndio waliokuwapo! Eusebio aliandika nani alitumia vitabu vilivyobishaniwa. Injili nne hazikuwa na ubishi, kwa hiyo hakuwa na haja ya kutaja kila aliyezitumia. Vitabu hivyo hivyo vya kale ambavyo bado tunavyo vinaonyesha kwamba ndivyo alivyofanya.

Lakini kazi yake kubwa kuliko zote ilikuwa juu ya wale waitwao Mababa wa Kimitume: Klementi wa Roma, Ignasio wa Antiokia na Polikarpo wa Smirna. Klementi aliandika kwa Wakorintho karibu na mwaka 96, naye anawakumbusha wazi waraka ambao Paulo aliwaandikia. Ignasio alichukuliwa na askari kutoka Antiokia kwenda Roma kutupwa kwa wanyama wakali, katika siku za Kaisari Trajani, na njiani aliandika nyaraka. Polikarpo naye aliwaandikia Wafilipi, akawataja Paulo na nyaraka zake. Ikiwa watu hawa waliishi wakati huo na maneno yao ni yao kweli, basi maandiko wanayoyatumia yalikuwapo kabla yao. Hapo ndipo uzito wa jambo ulipokuwa.

Ignasio ndiye aliyekuwa mgumu. Nyaraka zake zilikuwapo katika namna tatu: namna ndefu yenye nyaraka nyingi, namna ya kati yenye nyaraka saba, na namna fupi yenye nyaraka tatu tu katika Kisiria, iliyotangazwa mwaka 1845. Lightfoot mwanzoni alielekea kuamini kwamba ile fupi ndiyo ya asili. Alipozidi kuchunguza, akisoma nakala za Kiyunani, Kilatini, Kisiria, Kiarmenia na Kikopti, aliona amekosea. Ile fupi ilikuwa muhtasari tu, ile ndefu ilikuwa imeongezwa baadaye, na zile saba za kati ndizo za Ignasio mwenyewe. Akaandika hivyo, na kukiri kwamba amebadili mawazo. Kitabu chake juu ya Ignasio na Polikarpo kilitoka mwaka 1885, baada ya kazi ya karibu miaka 30. Hata leo wataalamu walio wengi wanazikubali nyaraka hizo saba, ingawa wapo wachache wanaobisha.

Kutoka vitabuni kwenda kwa wachimba makaa

Tumeruka jambo moja. Mwaka 1867 Lightfoot alikuwa ameombwa awe Askofu wa Lichfield, akakataa. Mwaka 1871 alifanywa kanoni wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London, lakini Cambridge hakuiacha. Mwaka 1879 aliombwa tena, safari hii kwa Durham. Alisitasita sana. Alikuwa na umri wa miaka 50, kazi ya Ignasio ilikuwa haijakwisha, na nyaraka nyingi za Paulo zilikuwa zinangoja ufafanuzi. Durham ilikuwa nchi ya machimbo ya makaa ya mawe na ya viwanda vya meli, yenye watu waliozidi kuongezeka na makanisa machache. Mwishowe alikubali, akawekwa wakfu tarehe 25 Aprili, 1879, na Westcott ndiye aliyehubiri.

Wengi walidhani msomi yule wa haya atashindwa na kazi. Haikuwa hivyo. Mwaka 1882 dayosisi ile kubwa iligawanywa, ikazaliwa Dayosisi ya Newcastle. Makanisa mengi yalijengwa kwa juhudi yake. Aliwapa walei nafasi ya kuhudumu, na mwaka 1883, pamoja na Bibi Ellice Hopkins, alianzisha chama cha wanaume cha kutunza usafi wa maisha na heshima ya wanawake. Katika jumba lake huko Bishop Auckland alikaribisha vijana waliomaliza chuo kikuu, wachache wachache, wakaishi naye kwa gharama yake. Asubuhi walisoma theolojia, na mchana walikwenda katika vijiji vya wachimbaji kujifunza uchungaji. Mtu yule asiye na mke wala mtoto aliwapata wana wengi kwa njia hiyo.

Naye alipotimiza miaka saba ya uaskofu alitaka kumshukuru Mungu, akajenga kanisa kwa fedha yake mwenyewe katika mtaa wa Hendon, mjini Sunderland. Aliliita Mtakatifu Ignasio Mfiadini. Hivyo jina la yule mzee aliyepelekwa Roma kwa minyororo likawekwa katikati ya nyumba za wafanya kazi wa bandari.

Katika mwaka 1888 afya yake ilivunjika. Alipata nafuu kidogo akarudi kazini, lakini hakudumu. Hadi siku chache kabla ya kufa alikuwa bado anasahihisha kitabu chake juu ya Klementi. Alifariki Bournemouth tarehe 21 Desemba, 1889, mwenye umri wa miaka 61, akazikwa katika kanisa dogo la jumba la Auckland. Kitabu cha Klementi kilitolewa mwaka 1890 bila mwandishi wake kukiona. Katika mwaka huo Westcott, aliyekuwa mwalimu wake wa Cambridge, akarithi kiti chake cha Durham.

Na bado hakumaliza kusema. Mwaka 2013 mtaalamu wa Marekani, Ben Witherington, alikuta katika maktaba ya Kanisa Kuu la Durham mamia ya kurasa za mkono wa Lightfoot, za ufafanuzi wa Matendo ya Mitume, Injili ya Yohana na nyaraka nyingine. Zilipigwa chapa kuanzia mwaka 2014, karibu miaka 125 baada ya mwandishi kufariki.

Tunajifunza nini?

Hatusemi kwamba Lightfoot hakukosea. Juu ya Wagalatia alidhani waraka ulipelekwa kaskazini ya nchi ile, na William Ramsay, aliyesafiri sana huko, alileta hoja nzito kwamba ni kusini. Juu ya Wakolosai wataalamu wanabishana hata leo kama ni kazi ya mkono wa Paulo. Lakini juu ya jambo kubwa, wakati umemwelekea. Mwaka 1935 kilitangazwa kipande kidogo cha Injili ya Yohana kilichopatikana Misri, na wataalamu wengi wanakiweka katika karne ya pili. Hakuna wengi leo wanaoiweka Injili hiyo mwaka 170.

Hayo ndiyo tuliyowaeleza kikundi chetu. Mama yetu alitosheka, akasema kwamba sasa atasoma Matendo mlango wa 20 kwa macho mengine. Kijana hakusema mengi. Aliomba kuazima kitabu. Tulimpa kwa sharti moja, ambalo tunampa kila msomaji wa ukurasa huu anayetaka kutumia kitabu cha ufafanuzi, kiwe cha Lightfoot au cha mwingine, cha Kiingereza au cha Kiswahili. Asome kwanza Maandiko yenyewe, mara mbili au tatu, na kuandika maswali yake. Ndipo afungue ufafanuzi. Akikuta mistari mingine imetajwa, aifungue aone kama inasema hivyo kweli. Na mfafanuzi anaposema hana hakika, asimdharau, bali amwamini zaidi.

Mwanzoni tuliona haya kusema mbele ya watu kwamba hatujui. Lakini Lightfoot, aliyejua kuliko sisi mara elfu, aliandika kitabuni kwamba alikuwa amekosea juu ya Ignasio, watu wote wakasoma. Hakuogopa ukweli, kwa sababu alimwamini Mungu aliye mwenye ukweli wote. Kijana wetu alituandikia baada ya Pasaka kwamba amefika mlango wa pili na ana maswali saba. Tumemjibu matatu. Manne tunayatafuta.

Mungu atujalie sote bidii ya kuuliza na uvumilivu wa kutafuta. Amina.